Volti za Gari Zinapopanda na Kushuka: Jinsi ya Kutofautisha Hali ya Kawaida na Hitilafu

Utangulizi

Barabara itokayo Kilindoni kuelekea kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia hupita Kirongwe, hufika Bweni, na huishia Ras Mkumbi, penye mnara wa taa uliojengwa enzi za Wajerumani. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 40. Hospitali ya wilaya, maduka ya vipuri na gati ya kivuko viko Kilindoni. Kwa mkazi wa Bweni, gari lililozimika usiku kwa kukosa umeme linaweza kuwa mgonjwa aliyechelewa kufika hospitali. Vilevile, altaneta iliyonunuliwa bila kuhitajika ni fedha iliyopotea, na kuirudisha kwa muuzaji aliyeko Dar es Salaam ni safari ya bahari hadi Nyamisati, kisha ya nchi kavu.

Madhara hayo mawili, yaani kupuuza hitilafu ya kweli na kulipia hitilafu isiyokuwepo, mara nyingi hutokana na jambo moja: mlaji ameona namba ya volti ikibadilika asijue inamaanisha nini. Siku hizi vipimo vidogo vya volti vinavyochomekwa kwenye soketi ya kiberiti cha gari vinapatikana kwa bei nafuu. Mwenye gari huona 14.3 asubuhi, 13.5 mchana na 12.4 baada ya kuzima injini, akaingiwa na hofu. Katika somo hili tunaeleza kwa nini namba hizo hubadilika, mipaka ya mabadiliko ya kawaida, na hatua za kuchukua kabla ya kulipia matengenezo.

Umeme wa gari hutoka wapi

Gari la kawaida lina vyanzo viwili vya umeme. Cha kwanza ni betri, ambayo kazi yake kubwa ni kuzungusha starta ili injini iwake. Cha pili ni altaneta, ambayo huzungushwa na injini kwa mkanda. Injini ikishawaka, altaneta ndiyo inayobeba mzigo wote: taa, feni, redio, pampu ya mafuta na kompyuta ya gari, na wakati huohuo huirudishia betri umeme uliotumika kuwasha injini.

Kati ya viwili hivyo kuna kifaa kiitwacho regulata, ambacho katika magari mengi kimo ndani ya altaneta. Kazi yake ni kuzuia volti zisizidi wala zisipungue mno. Regulata hufanya kazi kama nahodha aliyeshika usukani wa jahazi. Jahazi halinyooki kwa sababu usukani umefungwa kamba; hunyooka kwa sababu nahodha anaurekebisha kila wimbi linapopiga. Vivyo hivyo, regulata huongeza na kupunguza umeme wa altaneta mara nyingi kwa sekunde kulingana na mzigo uliopo. Kwa hiyo, namba inayochezacheza ndani ya mipaka yake ni ushahidi kwamba regulata inafanya kazi.

Namba ambazo mlaji anapaswa kuzifahamu

Betri iitwayo ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takribani volti 2.1. Ndiyo maana betri iliyojaa haisomi 12 kamili. Namba zifuatazo zinahusu betri za kawaida za risasi na asidi, zikipimwa kwenye vichwa vya betri:

• Gari limezimwa na kupumzika usiku kucha: 12.6 au zaidi kidogo, betri imejaa, 12.4, imebaki takribani robo tatu, 12.2, takribani nusu, 12.0, takribani robo, 11.8 au chini yake, betri imekwisha chaji.

• Wakati starta inazungusha injini: volti hushuka ghafla hadi 10 au 11 kwa muda mfupi. Zikishuka chini ya 9.6, betri ni dhaifu, au starta inavuta umeme kupita kiasi.

• Injini inanguruma: kwa kawaida kati ya 13.5 na 14.7.

• Injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, hali ambayo mafundi huiita sailensa, huku taa kubwa na feni vimewashwa: inaweza kushuka hadi 13.2 au chini kidogo, kisha ikapanda unapokanyaga mafuta.

Magari makubwa yenye mfumo wa volti 24 hutumia betri mbili zilizounganishwa, hivyo namba zote huzidishwa kwa mbili. Bodaboda na bajaji hufuata namba zilezile za volti 12, lakini mifumo yao midogo huchaji kidogo sana katika sailensa. Pikipiki inayosoma 12.8 ikiwa imesimama na 14 ikiongezwa mwendo ina afya njema.

Kwa nini namba hubadilika: mfano wa safari ya Ras Mkumbi

Tuchukue gari linaloondoka Kilindoni alfajiri kwenda Ras Mkumbi na kurudi jioni. Mwenye gari ana kipimo mbele yake na anaona mambo matano.

Kwanza, mara baada ya injini kuwaka, kipimo kinasoma 13.7, kisha taratibu kinapanda hadi 14.3. Kuwasha injini kumeipunguzia betri chaji, hivyo betri inavuta umeme mwingi dakika za mwanzo. Kadiri inavyoshiba, uvutaji hupungua na volti hupanda. Iwapo betri ilikuwa imeisha sana, hali hii inaweza kuendelea kwa muda mrefu zaidi, na altaneta hupata joto kwa kazi kubwa. Hakuna hitilafu hapo.

Pili, kila gari linaposimama kupakia abiria, namba inashuka; likiondoka, inapanda. Kasi ya altaneta hufuata kasi ya injini. Injini ikiwa sailensa, uwezo wa altaneta ni sehemu tu ya uwezo wake kamili.

Tatu, kiyoyozi kikiwashwa, au taa kubwa zikiwashwa magharibi inapoingia, namba inashuka kwa sehemu chache za kumi za volti, na taa zinaweza kufifia kwa kitambo kidogo. Taa mbili za mbele za aina ya zamani huvuta takribani ampia 10, na feni ya kiyoyozi inaweza kuvuta kiasi hichohicho au zaidi. Regulata huhitaji muda mfupi kuufidia mzigo mpya. Ikiwa namba inatulia na kurejea juu ya 13.2 gari likiwa katika mwendo, hiyo ni kawaida.

Nne, saa saba mchana, baada ya mwendo mrefu wa taratibu katika mchanga, kipimo kinasoma 13.6 badala ya 14.3 ya asubuhi. Sababu ni joto. Betri yenye joto huhitaji volti chache zaidi ili kuchajiwa, na ikilazimishwa volti nyingi huchemka na kupoteza maji. Kwa hiyo watengenezaji wengi huiunda regulata ipunguze volti joto linapoongezeka, takribani volti 0.1 hadi 0.2 kwa kila nyuzi joto 10. Namba zilizoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi zinaweza kumdanganya mlaji wa pwani yetu, ambako chini ya boneti kuna joto kali mwaka mzima.

Tano, gari likiwa la miaka ya karibuni, namba inaweza kwenda 12.8, ikarukia 14.6, kisha ikarudi 13, bila mpangilio unaoonekana. Katika magari mengi ya kisasa, yakiwemo yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani, kompyuta ndiyo huamua lini altaneta ichaji. Gari likiongeza mwendo, kompyuta hupunguza kazi ya altaneta ili kuokoa mafuta. Dereva akiachia mafuta au akifunga breki, huchaji kwa nguvu. Mwenye gari la namna hii asikubali altaneta yake ihukumiwe kwa kipimo kimoja. Fundi anapaswa kuwasha taa kubwa na feni, kupima kwa dakika kadhaa, na ikiwezekana kusoma kumbukumbu za kompyuta.

Namba zinazoashiria hitilafu

Kila namba inapaswa kusomwa pamoja na hali iliyozaa namba hiyo. Zifuatazo ni dalili ambazo hazipaswi kupuuzwa:

Volti zinabaki chini ya 13 hata unapokanyaga mafuta, katika gari lisilo na mfumo wa kompyuta ulioelezwa hapo juu; au zinaendelea kushuka polepole kadiri safari inavyosonga: 12.5, 12.3, 12.1. Maana yake altaneta haichaji na gari linaishi kwa akiba ya betri.

Volti zinapita 15 na kubaki hapo. Regulata imeshindwa kuzuia. Balbu huungua mara kwa mara, maji ya betri hupungua upesi, na huweza kusikika harufu ya mayai yaliyooza. Zima injini na utafute fundi. Umeme uliozidi unaweza kuharibu kompyuta ya gari, na betri inayochemka inaweza kupasuka.

Namba inaruka ghafla, kwa mfano kutoka 14 hadi 12 na kurudi, kila gari linapopita kwenye shimo. Tafuta kwanza kiungo kilicholegea. Mtikisiko wa barabara hulegeza vichwa vya betri, na hewa ya chumvi ya kisiwani huvila hadi vikaota unga mweupe au wa kijani.

Betri iliyochajiwa vizuri inasoma takribani 10.5 asubuhi. Mara nyingi chumba kimoja kati ya sita kimekufa. Betri hiyo haiponi kwa kuchajiwa tena.

Taa nyekundu yenye picha ya betri inawaka ukiwa safarini. Kwa kawaida taa hii huwaka unapofungua swichi na huzimika injini ikiwaka. Isipowaka kabisa unapofungua swichi, hilo nalo ni tatizo, kwani huenda balbu yake imeungua na hutapata onyo siku ya shida.

Taa hiyo ikiwaka njiani, simama mahali salama na utazame mkanda. Katika magari mengi mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji. Ukiwa umekatika, usiendelee, kwani injini itachemka. Mkanda ukiwa mzima, zima kiyoyozi, redio na kila kisichohitajika, usizime injini, na uelekee kwenye msaada. Piga hesabu mapema. Betri nzima ya ampia-saa 50 ina takribani ampia-saa 25 za kutumia kabla ya kushuka nusu. Usiku, taa kubwa pamoja na mahitaji ya injini huweza kuvuta ampia 20. Hiyo ni zaidi kidogo ya saa moja, na barabara ya kutoka Ras Mkumbi hadi Kilindoni inaweza kukuchukua muda zaidi ya huo. Mchana, bila taa kubwa, muda huo huongezeka karibu mara mbili. Kwa hiyo, kama safari si ya dharura, usiku subiri pambazuko.

Jinsi ya kupima mwenyewe

Mita ndogo ya umeme inatosha. Iweke kwenye volti za mkondo mnyoofu, kipimo cha 20. Ncha nyekundu iguse kichwa chanya cha betri, nyeusi kichwa hasi. Usitegemee soketi ya kiberiti peke yake, kwa kuwa umeme hupungua ukipita katika waya mrefu na fyuzi, na kipimo cha hapo huweza kusoma pungufu kwa volti 0.2 hadi 0.5. Pima mara tatu na uandike:

1. Asubuhi kabla ya kuwasha. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini, betri huonyesha namba ya juu isiyo ya kweli.

2. Wakati mtu mwingine anawasha injini. Tazama namba ya chini kabisa.

3. Injini ikinguruma, mafuta yakikanyagwa kiasi, kwanza bila mzigo, kisha taa kubwa na feni zikiwa zimewashwa.

Kama volti kwenye altaneta ni nzuri lakini kwenye betri ni ndogo, umeme unapotea njiani. Injini ikinguruma na taa zikiwa zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye nguzo ya kutolea umeme ya altaneta. Tofauti ikizidi volti 0.2 au 0.3, waya au kiungo ni kibovu. Rudia upande wa hasi, kati ya kichwa hasi na bodi ya altaneta. Kusafisha kiungo ni kazi ya brashi na spana. Kununua altaneta hakutaponya waya uliooza.

Vua pete na saa kabla ya kugusa betri, na usivute sigara karibu nayo, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Betri ya kuongezwa maji ijazwe kwa maji maalumu ya betri yasiyo na chumvi. Maji ya kisima, na hasa ya visima vya pwani vyenye chumvi, huua betri.

Kabla hujalipa

Baadhi ya mafundi hupima altaneta kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma: injini ikizimika, altaneta imekufa; ikiendelea, ni nzima. Tunakushauri ukatae kipimo hiki. Betri hutuliza umeme wa gari kama mtungi unavyopokea maji ya bomba yanayokuja kwa vishindo. Ikiondolewa ghafla, volti zinaweza kuruka hadi makumi kadhaa na kuunguza regulata au kompyuta. Mlaji aliyekwenda na kiungo kichafu anaweza kurudi na kompyuta iliyoungua, bila namna ya kuthibitisha nani aliyeiunguza.

Badala yake, mwombe fundi afanye mambo manne kabla ya kutaja bei: akaze na kusafisha vichwa vya betri, akague ubana na uzima wa mkanda, achaji betri hadi ijae kabla ya kuihukumu altaneta, na akuonyeshe kwa mita namba anazozitegemea. Fundi mwaminifu hataona vibaya kuombwa hivyo.

Ukilazimika kununua, tazama tarehe ya kutengenezwa kwa betri, kwani betri iliyokaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa huanza kuharibika kabla hujaitumia, na joto la pwani huongeza kasi ya uharibifu huo. Ipimwe mbele yako. Betri mpya isiyofika volti 12.4 irudishwe rafuni. Omba kipuri cha zamani urudishiwe, na usikubali altaneta iliyotumika iuzwe kwako kama mpya. Kwa kipuri kinachoagizwa kutoka Dar es Salaam, kubalianeni kwa maandishi kabla ya kulipa: nani atagharamia usafiri wa kukirudisha ikiwa hakifanyi kazi?

Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye dhamana ya kuisimamia na kupambana na bidhaa bandia. Shirika la Viwango Tanzania husimamia ubora wa bidhaa. Dai risiti ya kielektroniki yenye jina la bidhaa, na hati ya dhamana yenye tarehe na mhuri wa muuzaji. Bila karatasi hizo, malalamiko yako yatakuwa neno lako dhidi ya neno lake.

Ukiwa na malalamiko, anza kwa muuzaji, ukiwa na risiti na vipimo vyako vitatu vilivyoandikwa. Msipoelewana, mwone afisa biashara wa halmashauri ya wilaya, au wasilisha lalamiko kwa Tume ya Ushindani.

Maswali ya kujipima

1. Gari lako linasoma 14.2 barabarani na 13.3 likiwa sailensa na taa zimewashwa. Je, ununue altaneta?
Jibu: Hapana. Ni kushuka kwa kawaida.

2. Betri inasoma 12.6 saa moja jioni, na 11.9 alfajiri, gari likiwa halijatumika. Altaneta ina kosa?
Jibu: Si lazima. Altaneta haifanyi kazi gari likiwa limezimwa. Ama betri imechoka, ama kuna kitu kinavuta umeme usiku, kama taa ya buti au redio iliyofungwa vibaya. Vikaguliwe hivyo kwanza.

3. Umetoka Bweni na abiria. Kipimo kimesoma 12.6, sasa ni 12.2, na kinaendelea kushuka ingawa unakanyaga mafuta. Ufanye nini?
Jibu: Gari halichaji. Kagua mkanda, punguza mzigo wa umeme, usizime injini, na uelekee kwenye msaada ulio karibu zaidi badala ya kuanza safari ndefu.

Ndugu mlaji, andika vipimo vyako vya kawaida kwenye daftari la gari sasa, wakati gari lako ni zima. Namba za gari lako mwenyewe, zilizopimwa katika joto la kwenu na kwenye barabara ya kwenu, ndizo zitakazokuonyesha mapema siku kitu kitakapobadilika, na ndizo utakazomwekea fundi mezani kabla hajakutajia bei.